Mercedes ya mazutu ya kulala ndani, imesimama miaka mitatu: ninunue?

Swali: Jambo Papa. Mimi ni daktari wa mifugo hapa Lubumbashi. Kila mwezi nazunguka mashamba ya barabara ya Kasenga kuchanja kuku na ng'ombe, na usiku nalala kwa watu. Nimeonyeshwa Mercedes 207D ya mwaka 1986, ya mazutu (dizeli), paa refu, ndani ina kitanda, jiko la gesi na friji ndogo. Wasafiri wa Ulaya waliiacha kwenye lupango (kiwanja) moja kule mtaa wa Golf, na imesimama chini ya mwembe miaka mitatu. Anayeiuza anaomba dola 4,500. Anasema injini ni nzima, imekufa betri tu. Fundi wangu anasema nichukue, nitoe injini, niweke ya HiAce. Mume wangu anaogopa. Ninunue? Na nikinunua nianzie wapi: injini, bodi au ndani? Rangi nayo imekwisha kabisa.

Jibu: Mama Daktari, jambo sana. Mume wako ana haki ya kuogopa, ila nahisi anaogopa injini, kama watu wengi wanavyoogopa injini ya gari la zamani. Injini hiyo ndiyo ya mwisho katika hofu zangu. Magari ya namna hii nimeyaona yakifa kwa mambo mawili, karatasi na kutu, na yote mawili unaweza kuyajua kabla hujatoa dola moja. Kwa hiyo jibu langu ni: usinunue bado. Nenda mara mbili. Safari ya kwanza beba kalamu na simu, ya pili beba bisibisi.

Tuanze na kalamu. Gari lililoingia na msafiri halikuingia nchini kama gari la kuuzwa. Lilipita mpakani kwa kibali cha muda. Wengi wa wasafiri hawa hutembea na daftari linaloitwa carnet de passages en douane, ambalo hutolewa na chama cha wenye magari cha kwao (kwa Wajerumani ni ADAC) baada ya mwenyewe kuweka dhamana. Daftari hilo huishi mwaka mmoja, na kila mpaka hupiga muhuri gari likiingia na likitoka. Gari likiingia lisitoke, ushuru unabaki unadaiwa. Hilo lako limekaa miaka mitatu. Hata kama liliingia na karatasi nzuri kabisa, karatasi hizo zimekwisha zamani, na machoni pa duane (forodha) hilo ni gari lisilolipiwa. Ukilinunua hivyo umenunua deni lenye magurudumu manne, na siku utakayosimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani ni wewe mwenye kueleza.

Muulize muuzaji maswali mawili, kwa upole lakini bila kuzungukazunguka. La kwanza: karte rozi ya Kongo, yaani karatasi ya usajili wa gari, iko wapi, na karatasi ya duane inayoonyesha ushuru ulilipwa iko wapi? La pili: wewe ndiye mwenye gari? Umeandika "anayeiuza", hukuandika "mwenyewe", na neno hilo limenikaa kichwani. Kama mwenyewe yuko Ulaya, unahitaji barua yake yenye sahihi inayompa huyu ruhusa ya kuuza, kopi ya pasipoti yake, na kitabu cha gari cha huko kwao. Mazungumzo ya simu hayatoshi, hata kama mzungu mwenyewe anaongea kwa furaha na kukuita rafiki.

Kisha piga picha ya namba ya chasisi. Kwa gari hili ina tarakimu na herufi 17, inaanza na WDB, na zinazofuata ni 601. Ukikuta 602 badala yake, hilo ni ndugu yake mkubwa, familia ya 307D, na mtu amekosea jina au amebadilisha kibandiko cha nyuma. Jina lenyewe linasomeka: 2 ya mwanzo ni tani mbili na kitu za uzito wote likiwa limejazwa, na 07 ni nguvu za farasi zipatazo 70. Ukikuta namba imesagwa, au imechomelewa kipande kipya cha bati chenye namba, aga na uende nyumbani. Ikiwa namba ni safi, ipeleke DGDA, ofisi ya duane, na uombe wakuambie kwa maandishi gari la umri huo litalipiwa kiasi gani, na kama linakubaliwa kusajiliwa. Usimtume mtu. Nenda mwenyewe, keti, ngoja. Inawezekana wakakupa hesabu inayozidi bei ya gari, na hapo ndipo utajua kama dola 4,500 ni bei au ni mtego. Mara nyingi hesabu hiyo ndiyo silaha nzuri ya kumshusha muuzaji, kwa sababu yeye mwenyewe anaijua na ndiyo maana gari liko chini ya mwembe.

Karatasi zikikubali, sasa kutu. Hapa naomba unisikilize kuliko mahali pengine pote.

Land Cruiser ina chasisi yake peke yake, na bodi imekaa juu yake kwa bolti. Bodi ikioza, mifupa bado ipo. 207D haiko hivyo. Bodi na boriti za chini zimechomelewa pamoja, kitu kimoja, kwa hiyo bati la kizingiti cha mlango si pambo, ni mfupa. Na gari hili limeishi Ulaya, kule ambako wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Maji ya chumvi huingia ndani ya mabomba ya bati yaliyofungwa, yanakaa humo, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Ukiona uvimbe wa rangi wenye ukubwa wa punje ya haragi, hesabu kwamba nyuma yake kuna shimo la ukubwa wa kiganja.

Mwaka nilipofungua garaji yangu mwenyewe nilinunua gari la mizigo la aina hii, limepakwa rangi mpya, linang'aa. Nililitazama kama mtu anavyotazama nguo. Siku ya kubadilisha breki nikaweka jeki mahali pake halali, nikapiga mkono. Jeki ikapanda, gari likabaki chini. Nikasikia sauti kama ya mtu anayekanyaga biskuti, na ncha ya jeki ikatokea ndani, kwenye zulia la abiria. Chini ya ile rangi kulikuwa na mastiki (pasta ya kuziba mashimo ya bodi), chini ya mastiki kulikuwa na gazeti lililokunjwa, na chini ya gazeti hapakuwa na kitu. Kijana aliyekuwa ananisaidia alikuwa ameshalala chali nusu mwili chini ya gari. Tangu siku hiyo hakuna mtu anayeingia chini ya gari kwangu bila magogo mawili, na hakuna gari ninalonunua bila kulilalia kwanza.

Kwa hiyo safari ya pili nenda na gunia la kulalia, tochi, bisibisi nene na sumaku ndogo uliyoifunga kwenye kitambaa. Mwombe muuzaji ruhusa ya kugonga. Akikataa, amekujibu. Pitisha sumaku polepole pembeni mwa milango, juu ya matairi yote manne, na kwenye bati la chini ubavuni. Mahali inapoanguka pana mastiki, si chuma. Gonga vizingiti kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya boksi la karatasi. Kisha lala chini utazame nyuma ya magurudumu ya mbele, mahali pa jeki, na zaidi ya yote mahali springi za nyuma zinaposhikwa na boriti. Hapo sukuma kwa ncha ya bisibisi kwa nguvu zako zote. Vizingiti vikiwa vimeoza, vinatengenezeka, fundi mzuri wa bodi anavikunja upya. Mshikio wa springi ukiwa umeoza, acha gari hilo, hata kama wamekushushia mpaka dola 1,000. Barabara ya Kasenga ni zaidi ya kilomita 200, na unajua mashimo yake kuliko mimi.

Mwembe nao una kesi yake. Majani yanaoza kwenye mfereji wa paa na chini ya kioo cha mbele, yanaziba vitundu vya kutolea maji, na maji yanatafuta njia ya ndani. Kagua mahali paa refu la plastiki linapoungana na bati. Ingia ndani, funga milango, kaa dakika tano kimya na unuse. Harufu ya uyoga inamaanisha maji yako kwenye mbao. Inua kona ya lailoni ya sakafu karibu na mlango wa ubavuni na chini ya karai la kuoshea vyombo, bonyeza mbao kwa kidole gumba. Kikizama, sakafu yote itatoka, na chini yake ndipo utakapoliona bati halisi la gari. Wajenzi wa magari ya kulala huficha bati kwa mbao nzuri, nayo mbao iliyolowa hukaa juu ya bati kama kitambaa cha maji usiku na mchana.

Ukifika kwenye kuchomelea, fanya kazi hiyo kiangazi, kati ya Mei na Septemba, wakati hewa ni kavu. Mwambie fundi akate mpaka afike kwenye chuma cheupe, asiweke kiraka juu ya kutu. Kiraka juu ya kutu kinadumu mvua moja. Bati la milimita 1.5 linatosha kwa vizingiti. Achomelee vipande vifupi vifupi akiruka huku na huku, bati lisijikunje kwa joto. Kabla ya cheche ya kwanza, betri na altaneta vifunguliwe nyaya, na sponji na mbao zote zilizo karibu zitoke nje, maana zinashika moto nyuma ya ukuta usikouona. Mtu mmoja asimame na ndoo ya maji, kazi yake iwe hiyo tu. Halafu rangi ya kuzuia kutu, halafu nta ya kupulizia ndani ya mabomba ya bati kupitia vitundu vya chini. Vitundu hivyo visizibwe kamwe. Kuna mafundi wanaoviziba wakidhani wanasaidia.

Sasa injini, na hapa naandika kwa raha. Ndani ya 207D ya 1986 kuna injini ya Mercedes inayoitwa OM616, silinda nne, lita 2.4, nguvu za farasi 72. Ni ile ile iliyokuwa ndani ya Mercedes 240D, zile teksi ambazo nusu ya Afrika imepanda. Haina kompyuta, haina tabo (turbo). Camu yake, shafti inayofungua valvu, inazungushwa na cheni, si mkanda, wakati injini za HiAce za 2L na 3L zina mkanda unaotaka kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu na pistoni zinakutana. Valvu za OM616 zinarekebishwa kwa spana na nati. Polepole ndiyo, mlimani utapitwa na malori, lakini ikipata oili safi inakwenda miaka.

"Imekufa betri tu" yawezekana ni kweli. Ila usikubali mtu aje na betri na kebo aiwashe siku hiyo ili ufurahi. Injini iliyolala miaka mitatu huamshwa kama mgonjwa, si kama mlevi.

Kwanza toa mazutu yote ya zamani. Maji yametulia chini ya tangi, na pale maji na mazutu vinapokutana vijidudu vimejenga utelezi mweusi unaovutika kama bamia. Tangi lishuke, lioshwe, kichujio chake cha ndani kisafishwe. Badilisha vichujio viwili, kile kidogo cha plastiki kinachoonyesha ndani na kile kikubwa. Badilisha pia vimipira vyembamba vya kitambaa vinavyounganisha injekta moja na nyingine. Bei yake ni ndogo sana, na ndivyo vinavyoingiza hewa na kukufanya ulie asubuhi gari halishiki. Kisha mwaga oili na uweke mpya.

Halafu toa buji za kupasha moto, zote nne. Kwenye kila tundu mimina oili kidogo, kama kijiko kimoja cha chai, uache mpaka kesho. Kesho yake chukua spana ya 27, ishike nati kubwa ya mbele ya injini, uzungushe kwa mkono upande wa saa, mizunguko miwili kamili. Utasikia injini ikipumua kupitia matundu, fuu, fuu, na oili itaruka, kwa hiyo usiinamie. Ikigoma mahali, usilazimishe, tafuta sababu. Ikizunguka vizuri, funga betri nzima na uizungushe kwa stata, buji zikiwa bado nje, mpaka dashibodi ionyeshe oili ina presha. Hapo matundu yakiwa wazi ndipo mahali pa kupima mgandamizo. Injini nzima hutoa bari 22 hadi 24. Chini ya 15 imechoka. Na silinda zisitofautiane zaidi ya bari 3. Vipimo vya silinda hizi nne ndivyo vitakavyokuambia ukweli ambao muuzaji hawezi kukuambia hata akitaka. Kama anakubali kupima kabla ya kununua, gharama ya nusu siku ya fundi ni yako, ilipe kwa moyo mweupe.

Pima na buji zenyewe kwa mita, kila moja peke yake. Nzima inasoma kama omu moja au chini kidogo, iliyokatika haisomi kitu. Juni na Julai asubuhi hapa kwetu baridi inashuka chini ya digrii 10, na injini hii bila buji haiamki.

Ndipo uwashe. Mtu mmoja ashike ufunguo, mwingine asimame kwenye mdomo wa hewa akiwa na ubao bapa. Hii si mbwembwe. Injini ya mazutu haizimwi kwa kukata umeme. Ndani ya pampu ya injekta kuna kifimbo kinachopima mazutu, na baada ya kulala miaka kinaweza kuganda kikiwa wazi. Injini itapanda mizunguko yenyewe, itapiga kelele ambayo hujawahi kusikia, na usipoinyima hewa itajivunja. Ubao juu ya mdomo wa hewa unaizima. Usitumie mkono wala kitambaa, vinavutwa ndani.

Moshi mweupe dakika za kwanza ni sawa. Ukiendelea na una harufu tamu, maji ya radieta yanaingia silinda. Wa bluu ni oili. Mweusi kidogo mlimani usikutishe: Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Farasi wako 72 hapa wamebaki kama 63. Injini ikishapata moto, legeza kifuniko cha kuwekea oili ukiache kimekaa juu ya tundu lake. Kikitikisika kidogo, vizuri. Kikirushwa, pete za pistoni zimekwisha.

Neno moja kuhusu temostati. Hapa kwetu gari likipata joto, jambo la kwanza fundi hufanya ni kuitoa na kuitupa. Kwenye injini hii ni kosa kubwa. Temostati yake ikifunguka inafungua njia ya radieta na wakati huo huo inaziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, maji mengine yanazunguka bila kupita radieta, na gari linachemka zaidi kuliko mwanzo. Weka mpya, na radieta isafishwe.

Kuhusu kuweka injini ya HiAce, jibu ni hapana. Fundi wako anaona spea za Toyota zimejaa kila kona ya komini zetu za Katuba na Kenya, na kwa hilo ana haki. Lakini injini ni mwanzo tu: misingi yake, giaboksi, shafti ya nyuma, nyaya, mpaka namba ya injini kwenye karte rozi isiyolingana na iliyo ndani. Utakuwa na gari ambalo fundi mmoja tu duniani analielewa, na siku akihamia Kolwezi umebaki peke yako. Spea za OM616 zinapatikana. Kampuni ya Kihindi iliyoitwa Bajaj Tempo, ambayo leo ni Force Motors, ilitengeneza injini hii kwa leseni ya Mercedes, na basi lao dogo la Traveller lililoanza 1987 limezaliwa kutoka gari hili hili. Anayeagiza mizigo India akupatie gasketi, nozeli na buji kwa namba ya injini. Kitakachokusumbua ni vioo, taa na vipande vya mlango, kwa hiyo hakikisha vyote vipo na ni vizima kabla ya kununua.

Na kama bodi imeoza, ukitamani Toyota, basi nunua HiAce nzima yenye 3L au 5L na ujenge kitanda humo. Utakosa kusimama wima ndani, lakini utafanya kazi wiki ijayo. Ukweli ni kwamba kama ungeniandikia kabla hujaonyeshwa hii Mercedes, hivyo ndivyo ningekushauri.

Breki zisikuchukulie muda kuzifikiria: badilisha mipira yote, silinda za magurudumu na maji ya breki bila kuvipima, miaka mitatu imeshavihukumu. Kisha ukiwa umezima injini kanyaga pedali mara kadhaa, ishikilie, uwashe. Inapaswa kuzama kidogo chini ya mguu. Isipozama, kuna kasoro kwenye mfumo wa kuvuta hewa unaosaidia breki. Pine (matairi) nazo zina tarakimu nne za tarehe: 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Kwa gari hili chukua zenye herufi C baada ya kipimo, zile za mizigo.

Ndani iwe mwisho. Najua ndani ndiko kunakokuvutia, lakini kitanda kikiwekwa kabla ya kuchomelea kitatolewa tena, na makuta (pesa) yake yamekwenda.

Ila friji yako tuizungumze sasa, maana ndiyo kazi yako. Zile friji ndogo za zamani za gesi kwenye magari ya wasafiri hufanya kazi kwa moto mdogo unaopasha mchanganyiko ndani ya mabomba. Zinataka gari lisimame sawasawa bila kuinama, na mchana wa Oktoba zinashindwa. Kwa bia na siagi zinatosha. Kwa chanjo yako ya kideri inayotaka digrii 2 hadi 8, hapana. Weka friji ya kompresa ya volti 12. Hula kama ampea 4 inapozunguka, na ukiihesabia inazunguka nusu ya siku, ni karibu ampea-saa 50 kwa siku. Betri ya risasi ya 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo inakupa siku moja tu bila jua. Weka mbili, tofauti kabisa na ile ya kuwashia gari, na kati yao rilei inayounganisha injini inapozunguka tu. Juu ya paa sola ya wati 200 itarudisha kiasi hicho siku nzuri ya kiangazi. Januari mawingu yakikaa hesabu nusu, na hapo altaneta ndiyo itakayokuokoa njiani. Waya kati ya betri usiwe chini ya milimita mraba 16, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Na ndani ya friji weka kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha juu na cha chini, ujue usiku kulitokea nini ukiwa umelala.

Kulala. Mpira wa gesi ubadilishwe siku ya kwanza, hata kama unaonekana mzima. Gesi ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, kwa hiyo kabati la mtungi liwe na tundu chini linalotoka nje, na lisizibwe na zulia. Bomba la moshi likaguliwe mpaka mwisho. Na Mama, hili nakuomba kama ningemwomba binti yangu: usiku wa Julai, kule shambani, baridi itakapokushika, mtu mwema atakuletea mbabula (jiko) ya makala (makaa) uiweke ndani upate joto. Mshukuru, uiache nje. Ndani ya gari lililofungwa makala yanayowaka yanatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, unasinzia tu na huamki. Chukua blanketi mbili zaidi.

Kuhusu makuta, ukikubaliana bei, kadiri utakayolipa weka nyingine kama hiyo pembeni kabla ya kuanza, na ushuru wa duane uwe juu ya hapo. Kama huna ya pembeni, usianze. Nimeona malupango mengi yenye gari lililofunguliwa nusu, injini imefunikwa nailoni, na mwenyewe hapendi kupita upande huo.

Na rangi uliyoniuliza: ubavuni mpake mnayopenda wewe na mume wako, baada ya bodi kukamilika. Paa ni jeupe, bila mjadala. Fundi akipaka paa, panda mwenyewe ngazi utazame kama ameziba mshono wa plastiki na bati mzunguko wote, kisha mwaga ndoo mbili za maji juu yake huku mtu yuko ndani na tochi.